Jinsi ya Kumwandikia Bingwa wa Urolojia Ukiwa Mbali Naye

Wagonjwa wengi wanaopewa rufaa ya kwenda kliniki ya urolojia hawaendi kufanyiwa upasuaji. Wanachohitaji ni mtu aliyebobea katika figo, kibofu, tezi dume na korodani asome majibu yao kisha aamue: hili liachwe, hili lirudiwe baada ya wiki 6, huyu aje haraka. Uamuzi wa aina hiyo unaweza kufanyika kwa maandishi, mgonjwa akiwa bado kwenye kituo anachotibiwa siku zote. Mwongozo huu ni wa daktari, tabibu au muuguzi anayeuliza, kwa sababu ubora wa jibu humtegemea zaidi muulizaji kuliko mjibuji.

Tunachozungumzia hapa si kuonana kwa video. Katika ushauri wa kielektroniki mgonjwa hayupo, na bingwa hayupo mtandaoni muda uleule na wewe. Unaandika swali kwenye mfumo, unaambatanisha vipimo, bingwa anasoma akipata nafasi na kujibu baada ya siku chache. Hospitali ya umma ya San Francisco ilianza utaratibu wa namna hii mwaka 2005, na Ottawa nchini Kanada ikaanzisha wake mwaka 2010. Urolojia inaufaa kwa sababu sehemu kubwa ya maamuzi yake hutegemea namba na picha: kiwango cha PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu), chembe za damu kwenye mkojo, ukubwa wa jiwe kwa milimita, ripoti ya ultrasaundi. Hata hivyo kuna mambo ambayo hakuna maandishi yanayoweza kuyabeba, na hayo ndiyo ya kuanza nayo.

Hatua ya kwanza: hakikisha jambo lenyewe linaweza kusubiri

Kabla ya kufungua mfumo, jiulize kitakachotokea ikiwa jibu litakuja baada ya siku tatu. Kuna hali ambazo siku tatu ni kupoteza kiungo au uhai. Kwa hizo, piga simu na msafirishe mgonjwa, usiandike.

Maumivu ya ghafla ya korodani, hasa kwa mtoto au kijana, yachukuliwe kuwa ni msokoto wa korodani mpaka ithibitike vinginevyo. Nafasi ya kuiokoa ni kubwa ikifunguliwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, na baada ya hapo inashuka haraka. Usimcheleweshe mgonjwa kwa ajili ya kutafuta ultrasaundi.

Jiwe lililoziba mrija wa mkojo pamoja na homa ni dharura nyingine inayowaponyoka watu, kwa kuwa mgonjwa anaweza kufika akitembea mwenyewe. Figo iliyozibwa na yenye maambukizi haitapona kwa antibayotiki peke yake. Lazima mkojo upate njia ya kutoka, ama kwa stenti (mrija mwembamba unaowekwa ndani) ama kwa mrija unaopitishwa mgongoni hadi kwenye figo. Mwenye figo moja tu na jiwe lililoziba awahishwe hata kama hana homa.

Wengine wasiongoja ni hawa: aliyefunga mkojo kabisa (mwekee mpira wa mkojo kwanza, maswali yatafuata), anayetoa damu yenye mabonge yanayoziba, mwenye uume uliosimama zaidi ya saa 4 bila kulala, mwenye govi lililokwama nyuma ya kichwa cha uume, na aliyesikia mlio na maumivu uume ukiwa umesimama kisha ukavimba. Mwenye kisukari anayekuja na uvimbe wa pumbu au msamba, maumivu yasiyolingana na kinachoonekana na ngozi inayoanza kuwa nyeusi, anahitaji chumba cha upasuaji leo. Mgonjwa wa saratani ya tezi dume anayelalamika kuwa miguu imeanza kukosa nguvu huenda uti wa mgongo wake unabanwa, na kila saa ina thamani.

Lipo kundi la pili, ambalo si dharura ya saa lakini pia si la kuulizia kwa maandishi kama mgonjwa aonwe au la. Jibu lake linajulikana: aonwe. Mtu mzima aliyeona damu kwenye mkojo kwa macho yake, hata mara moja tu, hata bila maumivu, na hata kama imeacha yenyewe, anahitaji kuchunguzwa kibofu kwa kamera na kupigwa picha za figo. Uvimbe mgumu ndani ya korodani unahitaji rufaa ya haraka, na wakati ukiiandaa chukua damu ya kupima AFP, hCG na LDH, viashiria vya saratani ya korodani. Vivyo hivyo uvimbe imara kwenye figo, na tezi dume iliyo ngumu au yenye vinundu ukiipima kwa kidole. Kwa hawa mfumo wa mtandaoni bado una kazi: muulize bingwa ni vipimo gani angependa mgonjwa afike navyo, ili siku ya kliniki isiishie kwenye kuandikiwa vipimo.

Hatua ya pili: jua unauliza nini

"Naomba ushauri" si swali. Swali ni lile linaloweza kujibiwa kwa kitendo: nirudie kipimo au nimlete? Nianze dawa hii au ile? Uvimbe huu wa figo unahitaji kufuatiliwa, na kwa kipimo gani? Ukiandika sentensi moja yenye alama ya kuuliza kabla ya kugusa historia ya mgonjwa, utagundua mwenyewe ni taarifa zipi zinahitajika na zipi ni za kujazia karatasi. Mara nyingine utagundua kwamba jibu unalo. Uliza jambo moja, au mawili yanayohusiana. Mgonjwa mwenye matatizo matatu ya njia ya mkojo yasiyohusiana, nadhani anastahili kuonwa ana kwa ana.

Hatua ya tatu: kamilisha vipimo vya msingi

Hapa ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni unapokwama. Bingwa anarudisha swali na kuomba kipimo, wiki inapita, mgonjwa anaitwa tena. Yafuatayo ni yale ambayo bingwa yeyote atayauliza.

*Damu kwenye mkojo isiyoonekana kwa macho.* Kijiti cha kupimia mkojo kikibadilika rangi, hujathibitisha kitu bado. Thibitisha kwa hadubini: chembe nyekundu 3 au zaidi kwa kila eneo la hadubini lenye ukuzaji mkubwa ndizo zinazohesabika. Andika idadi yenyewe, usiandike "zipo". Zaidi ya 25 zinamweka mgonjwa kwenye hatari kubwa ya saratani. Kama kuna maambukizi, yatibu kwanza kisha rudia. Kwa mwanamke, hakikisha hakuwa hedhini. Eleza umri, na kama ni mvutaji wa sigara zidisha idadi ya pakiti kwa siku na miaka aliyovuta, kwa maana zaidi ya 30 ni hatari kubwa, na umri wa miaka 60 kwenda juu kwa mwanaume ni vilevile. Taja kazi aliyofanya kama iligusa rangi za viwandani au kemikali za mpira. Pima kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo), protini kwenye mkojo na shinikizo la damu: damu inayoandamana na protini nyingi pengine ni ya bingwa wa figo, si ya urolojia.

Jambo moja nalisisitiza. Mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda achunguzwe kama mwingine yeyote. Dawa hizo hazileti damu kwenye mkojo bila sababu, mara nyingi zinafichua uvimbe uliokuwa kimya. Usiandike kwenye swali lako "ni kwa sababu ya dawa" ukamfanya bingwa alegee. Na aliyewahi kuishi karibu na maji yenye kichocho atafutiwe mayai ya vimelea kwenye mkojo uliokusanywa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi. Kichocho cha kibofu cha miaka mingi kinaweza kuzaa saratani, kwa hiyo kukitibu hakufungi faili la mtu mzima anayeendelea kutoa damu.

*PSA iliyopanda.* Rudia kabla ya kuuliza, na urudie kwa masharti. Kama mgonjwa alikuwa na maambukizi ya mkojo, subiri takriban wiki 6. Aepuke kumwaga manii na mazoezi makali, hasa baiskeli, kwa saa 48 kabla ya kutoa damu. Aliyewekewa mpira hivi karibuni kwa sababu mkojo ulifunga atakuwa na PSA ya juu isiyosema kitu. Muulize kama anatumia finasteride au dutasteride, ziwe za tezi dume au za kuzuia upara, kwa kuwa baada ya miezi 6 hadi 12 dawa hizo huishusha PSA karibu nusu. PSA ya 3 kwa mtumiaji wa finasteride wa muda mrefu isomwe kama 6. Tuma namba zote za miaka iliyopita pamoja na tarehe zake, sio ya mwisho peke yake, maana mwendo wa PSA unasema mengi kuliko namba moja. Ongeza ulichokihisi kwa kidole, historia ya saratani ya tezi dume kwa baba au kaka, na ya saratani ya matiti au ovari upande wowote wa familia. Eleza pia afya yake kwa jumla na matakwa yake. Mzee mwenye moyo uliochoka, asiyetaka kufanyiwa lolote, atajibiwa tofauti na mtu wa miaka 55 mwenye nguvu zake, na bingwa hawezi kulijua hilo usipomwambia.

*Shida za kukojoa kwa wanaume.* Mjazishe mgonjwa dodoso la IPSS, la kupima uzito wa dalili za kukojoa, lenye maswali 7, jumla ya alama 35: 0 hadi 7 ni dalili ndogo, 8 hadi 19 za kati, 20 na kuendelea ni kali. Mpe pia karatasi ya siku 3 aandike kila anapokojoa, saa ngapi na kiasi gani, pamoja na anachokunywa. Karatasi hiyo haina gharama na hufichua mambo ambayo ultrasaundi haiyaoni. Mzee anayeamka mara tano usiku na kila mara anatoa mkojo mwingi hana shida ya tezi dume pekee, huenda mwili wake unatengeneza mkojo mwingi usiku, na hapo unaangalia moyo, miguu inayovimba, usingizi, kisukari na saa anayomeza dawa za kupunguza maji. Pitia dawa zote: za mafua zenye pseudoephedrine na zile za mzio zinazoleta usingizi zinaweza kuzuia mkojo. Pima kiasi cha mkojo kinachobaki kwenye kibofu baada ya kukojoa.

Na mwanaume mtu mzima aliyeanza kujikojolea usingizini, asiyesikia maumivu yoyote, mshike tumbo. Ukikuta kibofu kimejaa, pima kreatinini siku hiyo hiyo. Huo ni mkojo uliobaki kwa muda mrefu kwa shinikizo kubwa na unaharibu figo polepole. Haufai kusubiri kwenye foleni ya ushauri.

*Mawe.* Toa ukubwa kwa milimita, mahali lilipo, kama figo imevimba, kreatinini, na siku maumivu yalipoanza. Jiwe lisilofika milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Kama limeshatoka, lipelekwe kupimwa aina yake.

*Vifuko vya maji kwenye figo.* Kifuko cha kawaida hakihitaji kufuatiliwa. Kama ripoti inataja kuta nene, vizuizi vya ndani au chokaa, omba daktari wa picha aandike daraja la Bosniak, mfumo wa kupanga vifuko hivyo kwa hatari ya saratani uliotungwa mwaka 1986 na kuboreshwa mwaka 2019. Daraja la I na la II yaachwe, IIF lifuatiliwe, III na IV yaende kwa bingwa.

*UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) inayojirudia.* Ni mara 2 ndani ya miezi 6, au mara 3 ndani ya mwaka, na ushahidi ni majibu ya kuotesha mkojo. Orodhesha vimelea vilivyoota, tarehe, na dawa zilizoshindwa kuviua. Vimelea kwa mtu asiye na dalili, asiye mjamzito, wala asiyesubiri upasuaji wa njia ya mkojo, havitibiwi.

*Korodani isiyoshuka kwa mtoto.* Usiagize ultrasaundi, haibadilishi uamuzi. Kama haijashuka mtoto akiwa na miezi 6, ukihesabu pia muda aliozaliwa kabla ya wakati, andika rufaa ya upasuaji moja kwa moja. Mtoto mchanga mwenye sura ya kiume ambaye korodani zote mbili hazishikiki anahitaji simu ya haraka, kwa kuwa huenda tatizo ni la homoni na linaweza kuhatarisha maisha yake.

Hatua ya nne: andika

Linganisha haya mawili. La kwanza: "Mwanamke wa miaka 46, damu kwenye mkojo, naomba ushauri." La pili:

"Je, mgonjwa huyu anahitaji kuchunguzwa kibofu kwa kamera sasa, au inatosha kurudia mkojo? Mwanamke wa miaka 46. Chembe nyekundu 5, hakuwa hedhini. Mkojo ulioteshwa, hakuna kilichoota. Hajawahi kuona damu kwa macho. Hajawahi kuvuta sigara. Hakuna saratani ya kibofu wala figo kwenye familia. Kreatinini mikromoli 68 kwa lita, hakuna protini, shinikizo 124/78. Hatumii dawa. Nafikiria kurudia mkojo ndani ya miezi 6. Ana wasiwasi sana, mama yake alikufa kwa saratani ya shingo ya kizazi."

La pili halifiki hata ukurasa mmoja, lakini bingwa analijibu bila kuuliza kitu. Swali limetangulia. Yasiyokuwepo yametajwa, na hilo ni muhimu kama yaliyopo, kwani bingwa akikuta kimya kuhusu sigara hajui kama hukuuliza au havuti. Mpango wako umo, kwa hiyo anaweza kukubali au kukurekebisha. Na ile sentensi ya mwisho kuhusu wasiwasi isidharauliwe: bingwa anahitaji kujua mgonjwa anaogopa nini ili jibu lake limguse.

Hatua ya tano: picha, ripoti na siri

Ambatanisha ripoti kamili ya picha, sio mstari wa hitimisho. Ikiwezekana tuma picha zenyewe, kwa sababu bingwa wa urolojia husoma CT (picha za mwili zinazotengenezwa kwa kompyuta) kwa jicho la mpasuaji na huona yasiyoandikwa.

Picha za sehemu za siri zihitaji ridhaa iliyoandikwa kwenye faili, na mgonjwa aelezwe nani ataziona. Usipige kwa simu yako binafsi kama kituo kina chombo chake. Uso, tatuu na jina visionekane. Najua makundi ya WhatsApp ya madaktari yanasaidia, na kwa swali la kitaaluma lisilo na mgonjwa ndani yake sina pingamizi. Lakini jibu la humo haliingii kwenye faili, halina mwenye kuwajibika, na picha ya mtu hubaki kwenye simu za watu ambao hakuwahi kukubali wamwone. Kama mfumo rasmi haupo, barua pepe ya kikazi kwa bingwa mmoja anayejulikana ni afadhali kuliko kundi.

Mwambie mgonjwa kwamba unamuuliza bingwa, na kwamba bingwa huyo hatamwona. Wapo wanaojisikia wametupwa wakinyimwa rufaa. Wengi hutulia wakielezwa kwamba faili lao litasomwa na mtu yuleyule ambaye wangemsubiri kliniki, na kwamba njia ya rufaa iko wazi.

Hatua ya sita: pokea jibu na ulifanyie kazi

Bingwa ameshauri, mgonjwa bado ni wako. Dawa utakayoandika ni kwa sahihi yako, kwa hiyo ukiona ushauri haulingani na unachokijua kuhusu mgonjwa, mrudie bingwa umwambie. Pengine hukumtajia kwamba mzee huanguka akisimama ghafla, naye amependekeza tamsulosin, dawa ya kulegeza njia ya mkojo, ambayo inaweza kuzidisha hilo. Marekebisho kama hayo ndiyo kazi yako, na bingwa mzuri hushukuru.

Weka swali na jibu kwenye faili neno kwa neno. Kisha fanya lile linalosahaulika zaidi: mpigie mgonjwa siku hiyo, na kila "rudia baada ya" igeuze kuwa tarehe kwenye kalenda ikiwa na jina la mhudumu atakayehakikisha. PSA ya kurudiwa baada ya miezi 3 isiyo na tarehe wala mwenyewe hairudiwi. Kama muda wa kujibiwa uliokubaliwa umepita, kumbusha. Kama mgonjwa amebadilika kabla ya jibu kufika, amepata homa, damu imeanza kuonekana, mkojo umepungua, achana na mfumo na upige simu.

Kwa bingwa anayejibu

Sema la kufanya, lini, na ni jambo gani likitokea litabadilisha maoni yako. "Fuatilia" peke yake haimsaidii aliyeko kituoni. "Ultrasaundi ya figo baada ya miezi 6, kama ukuta umenenepa niletee" inamsaidia. Ongeza sentensi moja ya sababu ili mwenzako asiulize tena kwa mgonjwa anayefanana na huyo. Na kama taarifa hazitoshi, usibahatishe: taja unachokosa, au sema wazi kwamba huyu lazima umwone.

Jibu likiwa ni kumleta mgonjwa, muulizaji ageuze ushauri kuwa rufaa siku hiyo hiyo na kubandika mazungumzo yote ndani yake, kwa maana bingwa atakayempokea kliniki huenda asiwe yule aliyejibu.